Hata Chembe



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaoungana nasi katika tafakari hii ya juma,

Jumamosi iliyopita, baada ya mafundisho ya Kipaimara, mtoto mmoja wa darasa la sita alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Alikuwa na daftari mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye shauri zito. "Padre," alisema, "mwalimu wa sayansi ametufundisha kwamba damu ina chembechembe nyekundu na nyeupe. Na leo Padre umetuambia tuwe na imani hata ikiwa ni chembe tu. Na bibi yangu akihuzunika hushika hapa," akaweka kidole chini ya mfupa wa kifua, "anasema inamuuma chembe cha moyo. Je, ni chembe ileile?"

Nilikuwa nasubiriwa na wachumba wawili waliokuja kuandikisha ndoa, kwa hiyo nilimjibu upesi: "Chembe ni kitu kidogo sana, mwanangu." Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Jibu langu halikuwa la uongo, lakini lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka. Usiku nilipokwisha kusali Masifu ya mwisho, swali lile lilinirudia, kwa maana mimi na neno hili "chembe" tuna deni la siku nyingi. Leo naomba nijaribu kumjibu mtoto yule ipasavyo, na katika kumjibu niwasimulieni kosa nililolifanya kwa neno hilohilo.

Tuanze na lugha, kwani neno hili lina nyumba zaidi ya moja. Katika ngeli ya KI-VI, chembe, ambayo wingi wake ni vyembe, ni ncha ya mshale, ile inayotangulia kuingia mwilini. Katika ngeli hiyohiyo tunasema chembe cha moyo, yaani pale palipobonyea chini ya mfupa wa kifua, mahali ambapo mtu akipigwa hukatika pumzi, na akiletewa habari mbaya huhisi pamebanwa. Bibi wa mtoto yule anajua asemalo. Katika ngeli ya I-ZI, chembe ni punje moja ya nafaka, na kwa kupanuka ni kipande kidogo kabisa cha kitu chochote: chembe ya mchanga, chembe ya sukari, chembe ya vumbi. Wataalamu wa sayansi walipohitaji majina ya vitu visivyoonekana kwa macho matupu, waliliazima neno hili kutoka ghalani wakalipeleka maabara. Ndiyo maana leo tunazo chembe hai, chembechembe za damu na chembe za urithi.

Neno hili lina majirani wengi, na kila jirani ana kazi yake. Punje ndiye wa karibu zaidi, ila punje haipendi kwenda mbali na shamba: tunasema punje ya mahindi, lakini hakuna asemaye punje ya damu. Chenga ni mchele uliovunjika, ambao wauzaji sokoni huutenga na kuuza kwa bei ya chini. Tone ni la vitu vya majimaji. Kibanzi ni kipande kidogo cha mti, na ndicho ambacho Bwana alisema tunakiona upesi ndani ya jicho la ndugu yetu. Injili katika Kigiriki hutumia pale neno karphos, yaani kijiti au ubua mkavu. Vumbi nalo si kitu kimoja, bali ni kundi zima.

Hapo ndipo neno chembe linapoonyesha thamani yake. Unga, mchanga, vumbi, sukari, chumvi: haya yote ni majina ya lundo. Huwezi kusema "mchanga mmoja" wala "unga wawili". Ukitaka kuokota kimoja kutoka katika lundo, Kiswahili kinakulazimu umwite chembe aje akusaidie. Kumbe neno hili halisemi udogo tu. Ni neno la kuhesabia. Kazi yake ni kumtoa mmoja kutoka kwa wengi wasiohesabika, na kumfanya aonekane.

Lakini tazameni jinsi tunavyolitumia kila siku. Mara nyingi tunalitumia kwa kukana. "Hana hata chembe ya huruma." "Hana hata chembe ya haya." "Sina hata chembe ya shaka." Neno ambalo kazi yake ni kutafuta mmoja, sisi tumelifanya neno la kutangaza kwamba hakuna hata mmoja. Wala si kosa la lugha. Ni namna nzuri ya kutia mkazo, na wazee wetu walisema hivyo kabla yetu. Nawaomba tu mkumbuke kwamba anayesema "hata chembe" anadai kuwa amepekua ghala lote, kona kwa kona, akakuta tupu. Ni dai kubwa sana. Mimi nililitoa dai hilo juu ya mtu, mbele ya watu, bila kupekua.

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa paroko kwa mara ya kwanza, katika parokia nyingine mbali na hapa, na nilikuwa na bidii ya mtu anayetaka kila kitu kinyooke upesi. Katika jumuiya mojawapo palikuwa na baba mmoja, fundi wa baiskeli, aliyekuwa na binti wa miaka tisa mwenye ugonjwa wa selimundu. Mara kadhaa alikuja kuandikisha nia ya Misa kwa ajili ya mtoto huyo, na kila mara aliilipia sadaka yake kwa sarafu. Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, binti alifariki. Nilimzika mimi mwenyewe.

Niseme kidogo juu ya ugonjwa huu, kwa sababu unahusu chembe, na kwa sababu ungali unaletea familia nyingi majungu na lawama zisizo na msingi. Katika milimita moja ya ujazo ya damu, yaani kitu kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, mna chembechembe nyekundu zipatazo milioni nne hadi tano. Kila moja ni kama kisahani kilichobonyea katikati, laini, kinachoweza kujipinda na kupita katika mishipa myembamba kabisa, na huishi kwa muda wa siku 120 hivi. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo hugeuka ngumu na kupinda mfano wa mundu wa kuvunia. Hukwama katika mishipa, zikaleta maumivu makali ya mifupa na viungo. Na hazidumu, kwani nyingi hufa baada ya siku kumi hadi ishirini, ndiyo maana mtoto huishiwa damu. Mtoto huupata ugonjwa kwa kurithi chembe ya urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao mara nyingi wao wenyewe ni wazima wala hawajui kwamba wanaibeba. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye kubeba moja tu ya chembe hizo hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana ugonjwa huu umeenea sana katika nchi zenye malaria, yetu ikiwa mojawapo. Basi, wapendwa, selimundu si laana, si uchawi, wala si adhabu ya dhambi ya mama. Wenye watoto wanaougua wasiache kuwapeleka kliniki, kwani leo zipo dawa zinazopunguza mashambulizi ya maumivu.

Baada ya mazishi, baba yule hakuonekana tena kanisani. Mwezi wa tano ukapita, wa sita, wa saba. Mwezi wa nane nilikwenda kusali na jumuiya yake. Baada ya sala, mwenyekiti alisoma orodha ya familia na michango, na alipofika kwenye jina la baba yule akaniuliza tumfanyeje. Nilikuwa nimetoka kigangoni tangu alfajiri, nimechoka na nina njaa. Nikasema: "Yule bwana hana hata chembe ya imani. Mwacheni." Wengine waliguna. Mmoja alicheka. Tukaendelea na jina lililofuata.

Neno halikai pale lilipotamkwa. Siku ya tatu yake alikuja ofisini. Alinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," nikaitikia, nikamwonyesha kiti. Hakukaa.

"Padre, nimeambiwa umesema sina hata chembe," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kuuliza tu. Ulizitafuta wapi?"

Nilianza kumweleza kuhusu amri ya Kanisa ya kushiriki Misa ya Dominika, na kwamba ilikuwa inapata miezi minne. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Damu ya mwanangu ilipimwa mara nyingi, Padre. Nilikuwa nakaa pale dirishani namtazama mpimaji. Alikuwa anainama juu ya darubini muda mrefu kabla hajasema neno. Wewe uliinama lini?"

Akaniaga kwa adabu, akatoka.

Ningependa kuwaambia kwamba nilijuta papo hapo. Haikuwa hivyo. Kwanza nilikasirika; niliona nimekosewa heshima katika ofisi yangu mwenyewe. Nikatoka kupitia mlango wa nyuma, nikamkuta bibi mmoja aliyekuwa akitunza sakristia, anafua vitambaa vya altare. Bibi huyu hakuwa na elimu kubwa, lakini sikuwahi kumwona akimwaga maji ya kwanza ya vitambaa vile mferejini. Aliyamimina polepole kwenye udongo safi, chini ya ua, kwa sababu aliyepokea kazi ile kabla yake alimfundisha kwamba huenda mna chembe ya Hostia ndani yake. Nilimweleza yaliyotokea, nikitegemea aniunge mkono.

Hakuninyanyasa wala hakunisifu. Alinyoosha mkono kuelekea uwanja wa nyuma, ambao alikuwa ameufagia asubuhi. "Baba, unaona nini pale?" Nikamwambia sioni kitu, uwanja ni safi. "Sisi tukishafagia tunasema hamna kitu," alisema. "Lakini mfungulie kuku. Ataanza kudonoa, na mpaka jua linazama bado anadonoa. Kumbe chakula kipo. Macho yetu yako juu mno, Baba." Akaendelea kufua.

Dominika iliyofuata nilikuwa altareni baada ya Komunyo. Mnajua padre anachofanya wakati ule mkiwa mmekaa kimya na kwaya inamalizia wimbo. Anaifuta patena kwa kidole, taratibu, akikusanya chembe zote ziingie katika kalisi, kisha anamimina maji na kunywa. Tunafanya hivyo kwa sababu ya imani ya Kanisa, iliyofundishwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1551 na kurudiwa katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kwamba Kristo yumo mzima katika maumbo ya mkate na divai, na mzima katika kila sehemu yake. Kuumega mkate si kumgawa Kristo. Kabla ya hapo, katika karne ya nne, katekesi zinazojulikana kwa jina la Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu ziliwaonya waliobatizwa karibuni wasipoteze hata kipande kidogo cha kile walichopokea mikononi, zikiwauliza kama mtu aliyepewa vumbi la dhahabu asingelishika kwa uangalifu wote. Wale miongoni mwenu waliowahi kuishi na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanauelewa mfano huo bila mhubiri: mchimbaji hufagia hata pale alipopondea mawe.

Nikiwa nimeinama juu ya patena, nikitafuta chembe ambazo hakuna mtu mwingine kanisani angeziona, nilisikia tena swali la baba yule. Uliinama lini? Kila siku ya maisha yangu ya upadre nilikuwa nimeinama kwa ajili ya chembe za mkate, kwa kuwa nasadiki Bwana yumo. Kwa ajili ya mtu aliyebatizwa, ambaye Bwana yuleyule anakaa ndani yake, sikuinama hata dakika moja. Wapendwa, nilihisi kitu kikiniingia hapa, kwenye chembe cha moyo. Siku ile nilielewa kwa nini neno moja linaweza kutaja punje, na ncha ya mshale, na mahali inapochoma.

Usiku ule nilisoma upya maneno ya Bwana juu ya imani iliyo kama mbegu ya haradali. Wengi wetu hatujaiona haradali shambani. Mkitaka kuelewa udogo wake, fikirini mbegu ya mchicha. Injili kwa Kigiriki huiita kokkos, na Biblia ya Kilatini huiita granum. Ni neno lilelile wanalolitumia wote wawili kwa ngano ile ianguayo udongoni na kufa ili izae. Katika Kiswahili, watafsiri wetu wametumia mara punje, mara mbegu, mara chembe. Hayo nilikuwa nayajua tangu seminari. Nisilokuwa nimelitazama ni hili: katika sura ya kumi na saba ya Matayo, neno hilo lilisemwa siku gani, na liliambiwa nani?

Lilisemwa siku ambayo baba mmoja alimleta mtoto wake mgonjwa. Wanafunzi walijaribu kumponya, wakashindwa. Bwana akamponya. Kisha wanafunzi wakamwendea faraghani kumwuliza kwa nini wao hawakuweza, naye akawajibu kwamba ni kwa sababu ya uhaba wa imani yao, ndipo akataja mbegu ya haradali. Nilisoma mistari ile mara tatu. Baba wa mtoto hakuambiwa neno hilo. Walioambiwa ni wanafunzi. Walioambiwa ni sisi, wapendwa mapadre wenzangu mnaosoma ukurasa huu. Sisi tulioshindwa kuponya, na ambao kwa kushindwa kwetu twapenda kumtafuta wa kumlaumu. Na Marko, akisimulia tukio hilohilo, anatueleza kuwa baba yule alikiri mbele ya wote kwamba anaamini na wakati uleule akaomba asaidiwe katika kutoamini kwake. Bwana hakumrudisha akaongeze. Alichukua kilichokuwepo, akamponya mtoto.

Tazameni basi tofauti ya kinywa changu na kinywa cha Bwana. Mimi nilichukua neno la kitu kidogo kabisa, nikasema: hata hicho hana. Yeye alichukua neno lilelile akasema: hata hicho kinatosha.

Nilikwenda nyumbani kwa baba yule Alhamisi, alasiri. Karakana yake ilikuwa imefungwa. Mama mmoja jirani, Mwislamu, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alinikaribisha kivulini. "Unamtafuta fundi, Padre? Hayupo. Leo ni siku ya kliniki, amempeleka mwanangu." Ndipo nilipopata habari ambayo ilikuwa inajulikana kwa mtaa mzima isipokuwa kwa paroko. Mama yule alikuwa na mtoto wa kiume mwenye selimundu. Baba yake alikuwa mbali kikazi, na yeye mwenyewe hakuweza kutembea mwendo ule na watoto wawili. Tangu mwezi wa tano, yaani tangu mwezi uleule nilioanza kumhesabu baba yule kuwa mtoro, kila mwezi alifunga karakana siku nzima, akampakia mtoto huyo kwenye baiskeli, akampeleka hospitali na kumrudisha.

Nilisubiri. Walifika jua linakaribia kuzama. Alikuwa anaikokota baiskeli, mtoto amekaa nyuma ameshikilia kiti. Alipoutua mzigo wake na kumkabidhi mtoto kwa mama, nilimwambia: "Baba, nimekosa. Nilisema juu yako jambo nisilolijua, tena mbele ya watu. Nitalifuta mbele ya watu walewale."

Alikaa kimya, akawa anafuta matope kwenye mnyororo wa baiskeli. Kisha akasema: "Mimi sijui kama hii ni imani, Padre. Njia ya kliniki naijua, basi. Huyu mama haijui." Baada ya kitambo akaniuliza: "Na yule mwanangu, huwa unamtaja kwenye Misa?"

Ningeweza kumjibu kwamba Kanisa huwaombea marehemu wote katika kila Misa, na hilo ni kweli. Lakini hakuuliza juu ya lundo. Aliuliza juu ya mmoja. Nikamwambia ukweli: "Tangu mazishi, hapana." Akatikisa kichwa, bila hasira, kama mtu aliyethibitishiwa alichokuwa anakijua. Tangu kesho yake nilianza kumtaja binti yule kwa jina, na hata leo, ingawa nimehamishwa parokia, namtaja.

Jumuiya ilipokutana tena nilisimama nikasema kwamba nilichokuwa nimesema hakikuwa kweli, na kwamba nilikisema bila kuuliza. Haikuwa rahisi. Aliyecheka mara ya kwanza aliinamisha macho. Sikuwaeleza habari za kliniki, kwani hazikuwa zangu kuzitangaza. Leo nazisimulia kwa kuwa mwenyewe ameniruhusu, mradi nisimtaje jina.

Mtaniuliza kama alirudi kanisani. Tarehe 2 Novemba mwaka ule, katika Misa ya Kumbukumbu ya Marehemu Wote, nilimwona amesimama nje karibu na mlango wa pembeni, kofia mkononi. Hakuingia, wala hakuja kukomunika. Nilipolitaja jina la mtoto wake nilimwona akifuta uso. Kabla ya baraka ya mwisho alikwisha ondoka. Miaka iliyofuata alisogea: mwaka mmoja kizingitini, mwaka mwingine benchi la mwisho. Nilihamishwa kabla sijajua safari yake itaishia wapi, na nimejifunza kutokuwa na haraka ya kuijua. Mbegu haichimbuliwi kila asubuhi ili kutazama kama imeota.

Bado neno moja, kisha nimalize. Wayunani wa kale, akiwemo Demokrito, walipowaza juu ya kitu kidogo kabisa kilicho chini ya vitu vyote, walikiita atomos, maana yake kisichoweza kukatwa. Ndilo neno lililotupatia "atomu" ya vitabu vya shule. Wanasayansi walikuja kugundua kwamba hata hiyo inakatika. Lakini neno atomos limo pia katika Agano Jipya, mara moja tu, katika Waraka wa Kwanza wa Mtakatifu Paulo kwa Wakorinto, sura ya kumi na tano. Paulo halitumii kwa vitu bali kwa wakati: anasema juu ya chembe ya muda isiyogawanyika, ile tuitayo kufumba na kufumbua, ambamo wafu watafufuliwa nasi tutabadilishwa. Sisi tuliotwaliwa mavumbini, na ambao kila Jumatano ya Majivu twakumbushwa kwamba mavumbini tutarudi, twaungoja wakati huo mdogo kabisa. Na Yeye atakayetuita hataita lundo la mavumbi. Ataita chembe kwa chembe, kila mmoja kwa jina lake, na binti yule wa miaka tisa akiwemo.

Kwa hiyo, Jumamosi ijayo nitamwita mtoto wa Kipaimara, nimwombe afungue daftari lake. Nitamwambia: mwanangu, kwa sarufi hizo chembe ni tofauti, moja ni cha, nyingine ni ya, nawe usizichanganye katika mtihani. Chembe ya damu ni ndogo kuliko uwezo wa macho yako, lakini ikipinda, mtoto mzima hulia usiku kucha. Chembe ya imani nayo ni ndogo kuliko uwezo wa macho ya padre wako, kwa hiyo asidhani kuwa haipo kwa kuwa hajaiona. Na chembe cha moyo ndipo mahali utakapohisi ukimwambia mtu neno bila kuinama kwanza.

Nanyi wapendwa, juma hili naomba zoezi moja dogo. Kila mnapojikuta mko karibu kusema juu ya mume, mke, mtoto, jirani au kiongozi kwamba hana hata chembe ya hiki au kile, nyamazeni kidogo, mjiulize: nimezitafuta wapi? Kama jibu ni kwamba hamjatafuta, basi uwanja bado haujafunguliwa kuku.

Naomba sala zenu kwa ajili ya watoto wote wenye selimundu na wazazi wao, hasa wale ambao kwa huzuni wamesimama nje ya mlango. Tukiwaona, tusiwaulize mwanzo kwa nini wako nje. Tuwasogezee kiti.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Wenu katika Kristo,
Paroko